Jina Nililoazima kwa Dada Yangu

Iko siku moja, mwanangu, ambayo bado hunijia nikiwa nimeketi hapa nyumbani, kijijini Bahati, nachambua maharagwe. Huja polepole kama usingizi wa mchana, na ninapoishtukia nimeshafika kule. Ni Jumatatu asubuhi. Ukungu umelalia shamba la maua chini ya vilima, upande wa Elmenteita, na sisi wanawake tumesimama mbele ya ofisi na aproni zetu za kijani na viatu vya gambuti. Supavaisa anabandika karatasi mlangoni. Wanaojua kusoma vizuri wanawasomea wengine.

Karatasi ilisema kwamba kuanzia mwisho wa mwezi ule hakutakuwa tena na bahasha za mshahara dirishani. Kila mfanyakazi angelipwa moja kwa moja kwenye akaunti yake ya benki. Tulipewa fomu tukajaze namba ya akaunti, na chini kulikuwa na maneno yaliyopigwa mstari: jina la akaunti liwe sawa na la kitambulisho, na la kitambulisho liwe sawa na la rejista ya kazi.

Wenzangu walifurahi. Siku zile simu za kutuma pesa hazikuwapo, na mwanamke aliyebeba mshahara mzima kwenye soksi alitembea akiangalia nyuma. Mmoja alianza kuimba wimbo wa kanisani. Mimi niliikunja fomu yangu bila kuijaza, kwa sababu rejista ilisema mimi ni Tabitha Njoki. Na mimi si Tabitha Njoki. Mimi ni Loise Nyambura. Tabitha ni dada yangu.

Ngoja nirudi nyuma kidogo ili tuende pamoja.

Nilikuwa na miaka kumi na sita, nimeacha shule kidato cha pili. Baba alikuwa amefariki, na mgongo wa mama ulikuwa umekataa kabisa kuinama shambani. Tukasikia shamba la maua linaandika watu, lakini lazima uwe na kitambulisho, na mimi sikuwa nimefika umri. Dada yangu Tabitha alikuwa nacho. Yeye alikuwa ameolewa mtaa wa Free Area, pale Nakuru, na fundi wa kushona viti vya magari, mtu mzuri ila mwenye msimamo, aliyesema mke wake hataonekana akitafuta kibarua huku yeye ana mikono miwili. Basi kitambulisho cha Tabitha kilikaa tu ndani ya Biblia yake. Nilipoenda kumlilia shida, alikitoa akakiweka kwenye kiganja changu.

"Chukua," aliniambia. "Jina langu kwa sasa halina kazi ya kufanya."

Tulifanana sana. Watu wa kanisani walikuwa wakituchanganya hata mchana kweupe. Karani aliyeniandika siku ile alikuwa na foleni ndefu. Alipiga kopi ya kitambulisho, kopi ikatoka nyeusi, uso umekuwa doa, akaiweka kwenye faili. Nikarudisha kitambulisho Free Area Jumapili iliyofuata. Lakini jina nilibaki nalo.

Sitakudanganya kwamba niliteseka. Miaka ile ilipita kama kitu unachoota ukijua unaota. Ndani ya nyumba za plastiki mwanga ni wa rangi ya maziwa, haujui saa tatu wala saa tisa. Matone yanadondoka kutoka juu, waridi zimesimama mistari hadi macho yanachoka, na wewe unatembea katikati na mkasi wako bila kusikia hatua zako. Upepo ukigeuka, vumbi jeupe la Kariandusi lilishuka kutoka kule wanakochimba mawe meupe laini kama chokaa, likatua kwenye kope na kwenye vitambaa vya kichwa, tukawa sote sura moja. Kwa mbali ziwa lilikuwa na ukanda wa rangi ya waridi ukingoni, ndege heroe wamesimama kwa mguu mmoja. Ungeniuliza wakati huo mimi ni nani, ningefikiri kidogo kabla ya kukujibu.

Kazini niliitwa Taby. Nilipougua malaria niliombewa kama Tabitha. Nikapewa cheti cha mchambuaji bora wa maua, kimeandikwa Tabitha, na wenzangu wakapiga makofi. Nilipofika miaka kumi na minane nilichukua kitambulisho changu mwenyewe, nikakitazama mara moja tu, nikakitia kwenye mkebe wa majani chai chini ya kitanda cha mama. Nikienda nyumbani mwisho wa mwezi, mama akiniita Nyambura, nilikuwa nahisi anamwita mtoto mwingine, mdogo, ambaye nilimwacha hapo nyumbani siku nyingi na hakuna aliyemlisha.

Mtu mmoja tu ndiye aliyekuwa ananisumbua. Alikuwa karani wa mishahara, Mzee Kiptoo, ambaye alikuja shambani mwaka mmoja baada yangu. Alikuwa mzee mrefu wa maneno machache, sweta yake ya kahawia imeshonwa viwiko. Kila mwisho wa mwezi aliketi nyuma ya dirisha dogo, akasoma jina, akangoja, akasukuma bahasha. Wengine aliwatazama mikono wakitia sahihi. Mimi alinitazama usoni. Hakuwahi kuniuliza chochote.

Sasa turudi kwenye karatasi ile.

Jumamosi nilienda Free Area na fomu yangu imekunjwa ndani ya leso. Njiani nilikuwa nimepanga kila kitu: Tabitha ataenda benki, atafungua akaunti kwa jina lake, mshahara utaingia, atautoa, na mimi nitaufuata kwake kila mwezi. Niliona ni kazi ndogo sana. Nilifikiri nitakunywa chai, nitamweleza, na nitarudi.

Nilipofika nilimkuta mumewe ameketi mlangoni, kitambaa cheupe machoni. Macho yake yalikuwa yameingiwa na kitu cheupe, na daktari alikuwa amemkataza sindano na uzi hadi atakapopasuliwa. Karakana ilikuwa imefungwa miezi miwili. Tabitha hakuwa ametuma habari nyumbani. Hakutaka mama ajue. Alinikaribisha, akaniwekea chai, na kabla sijatoa fomu yangu, yeye akatoa yake.

Mwanangu, zilifanana kama sisi wenyewe. Shule moja ya bweni pale mjini ilikuwa imemwita kazi ya jikoni. Wamempa fomu ya akaunti ya benki, jina liwe sawa na la kitambulisho, na nafasi ya kujaza namba ya akiba ya uzeeni. Nami nikaweka yangu mezani. Tukazitazama zote mbili, na chai ikapoa.

"Nyambura," akasema, "hilo jina sasa nalihitaji."

Hapa ndipo nataka unisikilize vizuri, kwa sababu ninalokuambia silipendi. Sikumwonea huruma. Nilimjibu, "Hilo jina nimelifanyia kazi miaka mitatu na nusu. Wewe umelifanyia nini?"

Hakukasirika. Angekasirika ingekuwa afadhali. Aliinuka akapunguza moto wa jiko, akarudi, akanieleza kwa sauti ya chini ili mumewe asisikie. Alikuwa amemwambia mkubwa wa jikoni kwamba hajawahi kuajiriwa. Shule ikituma jina lake na namba ya kitambulisho chake kule kwenye akiba ya uzeeni, jibu litarudi kwamba Tabitha Njoki anakata waridi Elmenteita, na kila mwezi anakatwa pesa.

"Nitaonekana mwongo," akasema, "kwa kazi ambayo sijawahi kuifanya."

Kisha akachukua sarafu kwenye kikombe akaenda dukani kuninunulia mkate, maana mgeni haondoki kwake na chai peke yake. Na alipokuwa dukani, nilifungua Biblia yake nikachukua kitambulisho.

Sijui nilikuwa nafikiria nini. Mara nyingine nasema nilitaka kuwahi, nifungue akaunti mimi kwanza, mengine yatajipanga. Mara nyingine nafikiri sikufikiria kabisa. Nilikuwa nimezoea kuwa Tabitha hata nikaona aliyekuja kuninyang'anya ni yeye. Nilikula mkate alioniletea, nikashukuru, nikaondoka.

Jumatatu niliomba ruhusa kazini nikasema naumwa, nikaenda mjini Nakuru kwenye benki. Sijawahi kuingia mahali pa kimya namna ile isipokuwa kanisani. Sakafu ilikuwa inang'aa hadi naogopa kukanyaga. Feni zilizunguka juu polepole, kalamu zilifungwa kwa vinyororo vidogo, na watu walikuwa wakinong'ona kama kuna mgonjwa. Msichana wa dawatini, mwenye miwani na nywele zimesukwa nyuma, alichukua kitambulisho akanitazama, akakitazama, akaanza kujaza. Jina la baba, lilelile. Jina la mama, lilelile. Tarehe ya kuzaliwa niliijua kwa moyo, maana siku hiyo nyumbani tulikuwa tunakula kuku. Nilijibu yote. Moyo ukatulia. Nikaanza hata kufurahia kiti.

Kisha akanisogezea kadi niweke sahihi mara tatu, ili benki iwe inaijua. Nilikuwa nimejifunza sahihi ya Tabitha mwenyewe, ile ya kwenye kitambulisho, nyuma ya boksi la maua, jana yake nzima. Ya kwanza ilitoka vizuri. Ya pili vilevile. Msichana akawa ananiuliza tu, kwa kuzungumza, nafanya kazi gani. Nikamwambia maua. Akauliza kama huwa yananukia, na mimi nikaanza kumweleza kwamba yale ya kwenda ng'ambo hayanukii sana, na nilipokuwa nasema nikaona ule mwanga wa maziwa, mistari, matone, na mkono wangu ukaendelea kuandika wenyewe.

Aliivuta kadi akaitazama. Akaigeuza upande wangu.

"Nyambura ni nani?" akaniuliza.

Mwanangu, sikuwa nimelisikia jina langu mdomoni mwa mtu wa nje kwa miaka mitatu na nusu. Niliangalia kadi. Mstari wa tatu ulikuwa umeandikwa L. Nyambura, kwa mwandiko wangu wa shule, herufi za mviringo alizonifundisha mwalimu. Angeweza kumwita askari wa mlangoni. Alikuwa hatua tano tu kutoka tulipokaa.

"Ni mimi," nikasema.

Aliichana kadi ile vipande vinne, akaichana na fomu, akanirudishia kitambulisho bila kunitazama tena. "Akaunti ni ya mtu mmoja," akasema. "Nenda dada, urudi siku utakuwa na yako."

Nilitoka nikaketi chini ya mti wa maua ya zambarau pembeni ya barabara. Yalikuwa yanaanguka polepole, moja begani, moja kwenye paja, na watu wa mjini wakinipita na shughuli zao. Sijui nilikaa pale muda gani. Sikulia. Nilikuwa najitazama tu, kana kwamba kuna msichana ameketi hapo na mimi nimesimama ng'ambo ya barabara namfikiria. Yule msichana alikuwa amemwibia dada yake. Ilinichukua muda mrefu kuvuka barabara hiyo na kukubali kwamba ni mimi.

Nikaenda Free Area kwa miguu. Tabitha alikuwa ametoa kila kitu nje, magodoro, sufuria, nguo za mtoto, anatafuta. Shule ilikuwa imempa hadi Jumatano. Nilimpa kitambulisho mkononi kama yeye alivyonipa mimi.

"Nilidhani mwizi ameingia," akasema.

"Aliingia," nikamwambia.

Alikaa juu ya godoro. Akaniambia nikae. Alikishika kitambulisho kwa mikono miwili magotini, na nguo zimetandazwa kotekote kama siku ya kuhama. Akasema kwamba kosa hatukulifanya siku ya Jumamosi; tulilifanya siku ile ya kwanza, sote wawili, na yeye alikuwa mkubwa. Halafu akasema kesho asubuhi tutaenda shambani pamoja, tuseme sisi kabla karatasi hazijasema. Mumewe, pale mlangoni na kitambaa chake, alikuwa amesikia yote. Alisema jambo moja tu: kwamba nauli iko chini ya cherehani.

Basi kesho yake Mzee Kiptoo aliinua macho kwenye dirisha lake akaona Tabitha wawili. Alivua miwani. Akafungua mlango wa pembeni akatuambia tuingie, akatutafutia viti, na akafunga rejista aliyokuwa akiiandika.

Nilimweleza. Tabitha alitaka kunisaidia kusema, mzee akamwinulia mkono taratibu, akaniacha nimalize mwenyewe. Nilipomaliza alisema alikuwa anangoja siku hiyo.

"Kila mwezi nasoma jina lako," akasema. "Wengine wote wanaitika hapo hapo. Wewe unaitika nikiwa nimeshahesabu moja, mbili. Mtu hana haja ya kufikiria jina lake."

Kisha akafungua rejista kubwa, akageuza kurasa, akaielekeza kwangu. Kulikuwa na mistari ya miezi yote, siku nilizokuja, siku za ziada, hata ile wiki ya malaria. Akaweka kidole juu ya ukurasa.

"Nionyeshe siku moja ambayo Nyambura alikuja kazini."

Nilitazama. Nilitafuta kweli, mwanangu, kama mjinga, nikipitisha macho mstari kwa mstari. Hakukuwa na hata moja.

"Pesa hukuiba," akasema Mzee Kiptoo. "Pesa uliifanyia kazi, nimekuona. Lakini siku zako umezitupa, na za huyu umezichafua. Ungeanguka hapo kwenye maua ukafa, ningemwandikia mama yako barua gani? Kwamba Tabitha amekufa? Na huyu hapa anapika chai kwake."

Hakuinua sauti hata kidogo. Mara nyingi nimekaripiwa maishani kwa kelele, na nimesahau. Hayo sijayasahau. Na bado nampenda mzee yule kwa sababu ya alichosema baadaye, akifuta miwani yake kwa sweta. Alisema na yeye alikosea. Alishajua kitu hakiko sawa tangu miezi ya kwanza, lakini alikuwa akiniona nikibeba unga kwenda nyumbani, akaona aniache. Alisema kumwachia mtoto aendelee kupotea kwa sababu unamhurumia si huruma.

Alitupeleka kwa meneja yeye mwenyewe. Meneja hakuwa mtu mbaya, ila alikuwa na sheria zake. Niliachishwa kazi siku hiyohiyo. Siku za mwezi ule nilizokuwa nimeshazifanya nililipwa kwa bahasha, nadhani ilikuwa moja ya zile za mwisho kutoka dirisha lile, na mimi na Tabitha tukatia sahihi sote wawili. Tabitha aliandikiwa barua yenye muhuri inayosema kwamba hajawahi kufanya kazi pale, na kwamba makosa si yake. Barua hiyo ilifika shuleni Jumatano saa nne. Alhamisi alikuwa ameshika mwiko.

Mimi nilirudi Bahati. Nilichimba viazi kwenye mashamba ya watu, kwa jina langu, na jioni mgongo ulikuwa unauma kama wa mama. Mama nilimwambia yote. Alitoa mkebe chini ya kitanda, akapangusa kitambulisho changu kwa kanga yake, akakiweka juu ya meza karibu na taa, kikakaa pale wiki nzima kama picha ya mtu aliyerudi kutoka safari.

Baada ya miezi miwili shamba likaandika watu tena. Nilisimama kwenye foleni pamoja na wasichana waliokuwa wanaona waridi kwa mara ya kwanza. Cheti cha mchambuaji bora sikuwa nacho. Kilikuwa cha Tabitha. Nililipwa mshahara wa anayeanza, na supavaisa wangu alikuwa msichana niliyemfundisha mwenyewe kushika mkasi. Miezi ya kwanza niliona haya. Halafu haya ikaisha, kwa sababu kazi ni kazi na maua hayakujali.

Akaunti nayo nikaifungua. Nilitamani nimkute yule msichana wa miwani, lakini dawatini kulikuwa na kijana mwingine, mwenye haraka. Aliandika Louise, na herufi moja zaidi. Nikamwambia kitambulisho changu hakina hiyo herufi. Akasema ni kitu kidogo, hakuna atakayeona. Nikamwambia, kwa heshima, kwamba naomba aniandikie upya, na kwamba nitangoja. Watu nyuma yangu walianza kuguna. Niliwaacha wagune. Akaandika upya: Loise Nyambura Mwangi, majina matatu, kwa mpangilio uleule wa kitambulisho.

Mwisho wa mwezi nilikwenda benki wakanipa karatasi ndogo ya salio. Nilitoka nayo nje nikaisoma pale juani. Pesa yenyewe ilikuwa kidogo. Jina lilikuwa juu, kwa wino mweusi, na nililisoma taratibu, nikiona kama narudishiwa mtu.

Tabitha alipika pale shuleni hadi alipostaafu, na mumewe alipasuliwa macho akapona, akashona viti miaka mingi. Ile miaka yangu mitatu na nusu iko kwenye namba ya Tabitha hadi leo. Hakuna ofisi iliyoweza kuihamisha. Alipolipwa pesa ya uzeeni alikuja hapa akitaka tugawane. Nilimwambia ahesabu ni kodi ya jina nililokaa ndani yake bure. Alicheka, na mwezi uliofuata akaniletea ndama.

Nakuambia haya yote kwa sababu juzi mjukuu wangu ameitwa kazi hoteli moja karibu na ziwa, na fomu yake imerudishwa. Kitambulisho kinasema Blessing Wambui Kamau, benki inasema Wambui Blessy. Aliona ni mambo ya kompyuta tu. Akasema kwa mwezi huu mshahara uingie kwa akaunti ya boyfriend wake, wataona mbele. Nilimwambia, "Keti kidogo na shosho, nyanya yako," na hadithi niliyompa ndiyo hii ninayokupa na wewe.

Basi mwanangu, ukipata kazi, kabla hujafurahia mshahara, weka kitambulisho chako mezani na usome jina lako kama mgeni anayelisoma mara ya kwanza. Soma herufi zote. Halafu chukua karatasi ya benki, ya kodi, ya matibabu, ya akiba ya uzeeni, uone kama zote zinamtaja mtu yuleyule, kwa mpangilio uleule. Jina la marafiki na jina la kwenye simu liache huko kwa marafiki. Kama umeolewa ukabadilisha jina, badilisha kila mahali au usibadilishe popote. Ukiona kosa, rudi ofisini wiki hiyohiyo, usingoje siku ya mshahara, na usione haya kusumbua karani kwa herufi moja, hata watu wakiguna nyuma yako.

Na mshahara wako usiupitishe kwenye akaunti ya mtu mwingine, hata awe mume, hata awe dada wa damu kama Tabitha wangu, hata kwa mwezi mmoja. Si kwamba watakuibia. Wengi hawataki kukuibia. Ni kwamba siku ulizotoa jasho zitaandikwa kwa mtu ambaye hakuwapo, na siku utakapozihitaji utazitafuta usizione. Vilevile usimwazime mtu jina lako kwa kuwa leo halina kazi. Itafika siku litakuwa na kazi. Na ukishakosea, kwa maana vijana hukosea na mimi nilikuwa mmoja wao, nenda ukaseme kwa mdomo wako mapema. Utapoteza kitu. Lakini kitakachobaki kitakuwa chako.

Mungu akutangulie unakokwenda, mwanangu. Akupe kazi usiyoionea haya na wakubwa wanaokuambia ukweli kwa sauti ya chini. Ulale usingizi mzuri, uamke na nguvu, na nyumba yako isikose unga wala wageni wa kuula. Nimekubariki kwa mikono yangu yote miwili. Haya, nenda salama.